Tango kwenye filamu bubu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akishaona kile kipande cha mwigizaji Rudolph Valentino akicheza tango, kofia pana kichwani na mjeledi mkononi, maswali anayouliza baada ya hapo ni yale yale. Haya ndiyo yanayorudiwa zaidi. Aliyekwisha kujua chimbuko la tango anaweza kuruka hadi fungu la pili.

## Mambo ya kuanzia

Tango hii ina undugu wowote na tango la kachumbari?

Hapana. Lile la kachumbari ni *tango hili*, na wingi wake ni matango. Hii ya dansi ni *tango hii*. Haina wingi wala mbegu.

Basi tango ni nini, na ilitoka wapi?

Ni dansi ya watu wawili pamoja na muziki wake. Ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 kwenye kingo mbili za Río de la Plata, yaani Buenos Aires upande wa Argentina na Montevideo upande wa Uruguay. Ni dansi ya bandarini, na kama mambo mengi ya bandarini, baba yake si mmoja. Wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani walikuwa na ngoma yao, candombe. Kutoka Cuba ilikuja dansi ya habanera. Vijana wa mitaani walikuwa na milonga. Kisha zikamiminika meli za wahamiaji kutoka Italia na Uhispania, wengi wao wanaume waliokuja peke yao, wakapanga vyumba kwenye nyumba za ua mmoja zinazoitwa *conventillo*. Aliyekulia Kariakoo au Majengo hahitaji kuchorewa ua huo: bomba moja, choo kimoja, na kila mpangaji anajua mwenzake leo kapika nini.

Ala za mwanzo zilikuwa filimbi, fidla na gitaa. Bandoneoni, ile inayofanana na kodiani lakini yenye sauti ya mtu anayelalamika, ilibuniwa Ujerumani na ikazoeleka kwenye tango karibu na mwaka 1900. Mwaka 2009 UNESCO iliiandikisha tango kuwa urithi wa Argentina na Uruguay kwa pamoja. Mwaka huo huo candombe ya Uruguay nayo ikaandikishwa peke yake, jambo ambalo wapenzi wengi wa tango hawalitaji.

Ni kweli neno lenyewe ni la Kiafrika?

Wengi wanaamini hivyo, na wana sababu. Kabla dansi hii haijakuwapo, neno "tango" lilikuwa tayari linatumika Río de la Plata kwa mikusanyiko ya Waafrika ya kupiga ngoma. Mwaka 1807 wakuu wa mji wa Montevideo walikuwa wakiipinga mikusanyiko hiyo. Lakini neno lilianzia lugha gani, hapo wataalamu hawajaafikiana. Msomaji wa Kongo atakumbuka mara moja kwamba kwa Kilingala tango ni wakati. Ni kweli, ila maneno kufanana sauti hakuyafanyi kuwa ndugu, la sivyo tungerudi kwenye kachumbari.

Filamu zenyewe ni zipi?

Anza na kichekesho cha Ufaransa, *Max, professeur de tango* cha 1912. Max Linder ni mwalimu wa tango aliyelewa, anayumba, na familia ya kitajiri inamuiga kila anapoyumba ikidhani ndizo hatua zenyewe. Kwangu mimi hakuna filamu iliyowahi kusema ukweli kuhusu jambo hili kuliko hii. Mwaka 1912 Ulaya nzima ilitaka tango, na walioijua walikuwa wachache kiasi kwamba mlevi angeweza kuifundisha.

Ya pili ni *Tango Tangles* ya Machi 1914, ambamo Charlie Chaplin anatokea bila masharubu yake. Tango imo kwenye jina tu. Filamu yenyewe ni ugomvi wa wanaume juu ya msichana wa kutunza kofia ukumbini.

Ya tatu ndiyo inayoulizwa na kila mtu, ile yenye kipande cha Valentino: *The Four Horsemen of the Apocalypse* ya 1921, iliyoongozwa na Rex Ingram, mswada wa June Mathis, kutoka riwaya ya Mhispania Vicente Blasco Ibáñez. Baada ya hapo Hollywood iliendelea kurudia vionjo vile vile. Kwenye *The Gaucho* ya 1927, Douglas Fairbanks na Lupe Vélez wanacheza wakiwa wamefungwa pamoja kwa kamba ya kunasia ng'ombe. Filamu za Argentina kwenyewe zina swali lake hapo chini.

## Onyesho la Valentino

Nini hasa kinatokea katika onyesho hilo?

Tupo kwenye kilabu cha pombe mtaa wa La Boca, Buenos Aires, moshi umetanda. Julio, ndiye Valentino, kijana wa familia yenye mashamba ya ng'ombe, amekaa na babu yake, mzee Madariaga. Ukumbini kuna mwanamume anacheza na mwanamke. Julio anainuka, anawaendea taratibu, anamtaka mwanamume aachie. Mwanamume anakataa. Julio anampiga kwa mpini wa mjeledi, anamchukua mwanamke, na dansi inaanza upya.

Tazama anavyotembea. Hakimbilii hatua. Anaweka mguu, anasubiri, anaweka mwingine, kifua kimetangulia mbele, shavu limegusa shavu. Kamera inashuka kwenye miguu, inarudi usoni. Mwisho wake ni busu na makofi ya walevi. Kisha mzee anaanguka kwenye kiti, mwanamke anamcheka, na Julio anamsukumia mbali. Dakika chache tu, lakini ndizo zilizomtoa Valentino kwenye kundi la waigizaji wadogo.

Valentino alijifunzia wapi tango? Aliwahi kuishi Argentina?

Hakuwahi. Alizaliwa Castellaneta, kusini mwa Italia, mwaka 1895, akafika New York mwaka 1913 wakati mji ule umeshikwa na homa ya tango. Aliajiriwa kwenye kumbi za starehe kucheza na wanawake waliolipia, kisha akapanda jukwaani akiwa mwenza wa wachezaji wenye majina kama Bonnie Glass na Joan Sawyer. Kwa hiyo tango aliijua kwa kuila na kuilalia. Ilikuwa kazi iliyomlipia kodi ya chumba. Lakini ni tango iliyotoka Buenos Aires, ikapita Paris, ikasuguliwa kumbi za matajiri, ndipo ikavuka bahari kwenda New York. Alipokea chai iliyokwisha kuchujwa mara tatu.

Miaka miwili baada ya filamu, 1923, yeye na mkewe Natacha Rambova walizunguka Marekani wakicheza tango hiyo hiyo kuitangaza Mineralava, udongo wa kupaka usoni.

Mwenzake ni nani?

Beatrice Dominguez, mchezaji Mmarekani mwenye asili ya Mexico. Alifariki mapema mwaka 1921 akiwa bado kijana, muda mfupi kabla filamu haijatoka mwezi Machi. Watu wanaokijua kipande hiki kwa moyo hawalijui jina lake, na bila yeye Valentino angekuwa anacheza na hewa.

Nguo zile ni za kweli?

Kila kipande kina mahali pake pa kweli. Uongo uko kwenye kuvipachika pamoja. Suruali pana zilizofungwa chini, mjeledi na vyuma vya kisiginoni vya kuchomea farasi ni vitu vya *gaucho*, mchunga ng'ombe wa nyanda za pampas. Ile kofia bapa inakumbusha zaidi kusini mwa Uhispania. Na tango ni ya mjini, ya watu waliotoka kazini bandarini na machinjioni.

Mtu uliyetazamia kumkuta kwenye kilabu cha La Boca ni *compadrito*, yaani mhuni wa mtaani anayejipenda: kofia laini iliyoinamishwa upande mmoja, kitambaa shingoni, koti fupi lililombana, viatu vyenye kisigino, na kisu kimefichwa. Fikiria filamu ya kigeni inayoonyesha dansi ya Dar es Salaam miaka ya sitini, halafu bingwa wa ukumbi anaingia na fimbo na lubega la mfugaji. Lubega ni la kweli, mfugaji ni wa kweli, lakini ukumbi mzima ungegeuka kumtazama.

Na hivyo vyuma vya kisiginoni: tango inachezwa miguu ikipishana baina ya miguu ya mwenzako. Jaribu kwa chuma uone mwenzako atakuambia nini.

Nguo tumeelewa. Na hatua zenyewe?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema onyesho zima ni feki. Mwendo wake wa paka, kukaribiana kwa vifua, kusimama ghafla na kuinama kiuno, vyote vina asili. Tango ya zamani ya mitaani ilijulikana kwa *cortes y quebradas*, yaani kukata mwendo na kuvunja kiuno, na ndiyo iliyowaudhi wenye heshima zao. Kumbi za Ulaya ziliifuta sehemu hiyo na kubakiza kutembea kwa adabu. Valentino anairudisha, ingawa ameikuza ionekane mpaka kiti cha nyuma kabisa.

Kisicho na asili ni ukatili. Kumnyang'anya mtu mwenza kwa mjeledi, kumvuta mwanamke kama mzigo: hiyo inanukia dansi ya "apache" ya vilabu vya Paris, ambayo ilikuwa maonyesho ya jukwaani kuhusu wahuni na wanawake wao. Kwenye ukumbi wa Buenos Aires mwenza huombwa kwa jicho. Mwanamume anatazama, mwanamke akikubali anarudisha macho, wanainuka. Akikataa anatazama pembeni, na hakuna aliyeaibika. Wanaume nao walifanyia mazoezi wao kwa wao kwa miezi kabla ya kuthubutu kumwomba mwanamke, kwa sababu anayekanyaga miguu ya watu haombwi wala hakubaliwi tena.

Kwa nini filamu iliweka tango La Boca wakati riwaya inasifu tango ya Paris?

Kwa sababu ya macho ya mtazamaji. Katika riwaya, Julio anajulikana kama bingwa wa tango wa kumbi za Paris, na filamu nayo inamfikisha huko baadaye. Lakini kuanzia La Boca kunampa mtazamaji wa Ohio hisia kwamba ameonyeshwa chimbuko, penye hatari na jasho, kabla ya kuonyeshwa nakala. Ujanja wenyewe ni kwamba "chimbuko" hilo lilijengwa Hollywood.

## Kimya, muziki na mwendo

Kama filamu ni bubu, walicheza kwa muziki gani?

Ni vitu viwili tofauti. Wakati wa kupiga picha, studio za wakati huo ziliweka wanamuziki pembeni ya kamera ili waigizaji wapate hisia na kipimo cha mwendo. Wakati wa kuonyesha, muziki ulitoka kwa watu waliokaa chini ya pazia: mpiga piano mmoja kwenye ukumbi wa kijijini, okestra nzima mjini. Kwa hiyo hatua za Valentino hazikuwa na wimbo mmoja. Kila mji ulimchezesha kivyake.

Buenos Aires kumbi za sinema zilikuwa chuo cha tango. Okestra kubwa ziliajiriwa kusindikiza filamu, na wapo waliokata tiketi kwa ajili ya okestra, filamu ikawa nyongeza. Aníbal Troilo, aliyekuja kuwa mmoja wa wapiga bandoneoni wakubwa kuliko wote, alianza kupiga mbele ya watu mwaka 1925, mtoto wa miaka 11, ndani ya sinema.

Video niliyoiona ina "La cumparsita". Ndio wimbo wake?

Wimbo huo ulitungwa Montevideo na Gerardo Matos Rodríguez miaka michache kabla ya filamu, kwa hiyo ungeweza kupigwa. Lakini ulioko kwenye video yako umebandikwa na mtu wa baadaye. Angalia miguu: mara nyingi haikutani na mapigo.

Mbona wanacheza kwa kasi kama wanafukuzwa?

Kamera za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi chini ya picha 24 kwa sekunde. Zikichezwa kwa kipimo cha leo, kila kitu kinakimbia. Tafuta nakala iliyorekebishwa kabla hujatoa hukumu kuhusu mtindo. Nimewahi kubishana jioni nzima na rafiki aliyeshikilia kwamba tango ya zamani ilikuwa ya haraka mno, kumbe sote tulikuwa tunahukumu mashine.

## Asili na uhalisia

Weusi wako wapi kwenye filamu hizi?

Hili ndilo swali ambalo lingepaswa kuulizwa kabla ya lile la nguo. Mwaka 1810 karibu theluthi moja ya wakazi wa Buenos Aires walikuwa watu wenye asili ya Afrika. Sensa ya 1887 iliwahesabu chini ya asilimia 2. Vita, magonjwa, wahamiaji wa Ulaya waliowazidi kwa wingi, na makarani walioandika "mweupe" kila walipoweza, vyote vilichangia. Walikuwa na vyama vyao vilivyoitwa kwa asili zao: Kongo, Angola, Benguela, na hata Mozambique, kwa kuwa baadhi ya meli zilipakia watu pwani hii yetu.

Walikuwa pia ndani ya tango yenyewe. "El entrerriano" ya 1897, moja ya tango za kwanza kabisa zinazojulikana kwa jina la mtunzi, ni ya mpiga piano Mweusi, Rosendo Mendizábal. Na mwaka 1883 mwandishi Ventura Lynch aliandika kwamba milonga ilichezwa na wahuni wa mjini, walioibuni kama kejeli ya dansi za Weusi. Sentensi hiyo inasumbua. Maana yake, mmoja wa mababu wa tango ni watu wakiwaiga wengine kwa kuwacheka. Uigaji haukuanzia Hollywood.

Ndiyo maana kofia ya Valentino hainiudhi sana. Hollywood ilikosea nguo. Lakini kilabu kile cha La Boca kilichochongwa bila mtu aliyeleta mdundo, hicho kilikubaliana kabisa na namna wenyeji wakubwa wa Argentina walivyopenda kuisimulia nchi yao.

Waargentina wenyewe walitengeneza nini?

Nyingi, ila sehemu kubwa ya filamu zao bubu imepotea. *Nobleza gaucha* ya 1915 ilivuma sana. Mwaka 1917 Carlos Gardel alitokea kwenye *Flor de durazno*: mwimbaji ndani ya filamu isiyo na sauti. Anayehusika zaidi na swali letu ni mwongozaji José Agustín Ferreyra, ambaye mama yake alikuwa Mweusi wa Argentina. Alipiga picha mitaa ya pembezoni jinsi ilivyo, wafanyakazi wake na wasichana wa viwandani. *La muchacha del arrabal* ya 1922 ilikuwa na tango yake yenye jina hilo hilo, muziki wa Roberto Firpo. Ukiziweka filamu za Ferreyra kando ya ile ya Valentino, tofauti inayojitokeza kwanza ni kwamba kwake watu wamechoka. Wanacheza baada ya kazi.

Lakini Gardel naye si alivaa kigaucho?

Alivaa. Wanamuziki wa Argentina waliokwenda Paris miaka ya 1920, Francisco Canaro miongoni mwao mwaka 1925, walipanda jukwaani na mavazi ya wachunga ng'ombe. Kanuni za kuwalinda wanamuziki wa Ufaransa ziliwataka wageni waonyeshe kitu cha kwao, wahesabiwe kuwa maonyesho badala ya okestra ya kawaida ya dansi. Vijana wa mjini wakanunua bombacha, zile suruali pana za gaucho. Wenzetu wanaopiga ngoma kwenye hoteli za kitalii, wakivalishwa ngozi ambazo bibi zao hawakuwahi kuzivaa, wanaijua kanuni hiyo ingawa kwao haijaandikwa.

Basi tango halisi ni ipi?

Taja kwanza mwaka na mtaa. Ya uani mwaka 1895, ya kabareti mwaka 1920 na ya kumbi kubwa miaka ya 1940 hazifanani, na kila kizazi kilisema kinachofuata kimeiharibu. Filamu ya 1921 ni ushahidi mbovu wa tango ya La Boca na ushahidi mzuri sana wa tango iliyokuwa ikiuzwa New York.

## Maswali ya pembeni

Waridi mdomoni na kugeuza shingo kwa ghafla?

Waridi ni la jukwaani na la vikaragosi. Kule kukata shingo ni kwa tango ya mashindano ya Kiingereza, na kulienea miaka ya 1930. Kwenye kumbi za Buenos Aires vyote viwili vitakufanya ukae peke yako.

Kanisa liliipiga marufuku?

Januari 1914 kardinali aliyesimamia jimbo la Roma aliilaani. Hadithi kwamba Papa alichezewa tango akaona haina neno zipo kadhaa, na ni tamu, lakini zichukue kama hadithi. La hakika zaidi ni la Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani, ambaye mwaka 1913 aliwakataza maofisa kuicheza wakiwa na sare.

Ilifika kwetu?

Ilifika, ikiwa imeshikana mkono na waltzi na fokstroti. Vilabu vya dansi vya miji ya Afrika Mashariki enzi za ukoloni viliicheza kama mojawapo ya dansi za ukumbini. Njia ya pili ilipitia Misri: Mohammed Abdel Wahab aliingiza mahadhi ya tango katika nyimbo za filamu zake, na wapenzi wa taarabu wa Unguja na Mombasa wakazisikiliza. Ila hiyo ni sinema yenye sauti, haimhusu Valentino.

Nikitaka kuwaona wachezaji wenyewe wa zamani, nitazame nini?

*Tango!* ya Aprili 1933, filamu ya kwanza ya Argentina yenye sauti iliyorekodiwa kwenye mkanda wenyewe. Ndani yake yumo Ovidio José Bianquet, aliyejulikana kama El Cachafaz, anacheza na Carmencita Calderón. Alikuwa amekaribia miaka hamsini na jina lake lilikwisha kuwa hadithi mitaani. Hana mjeledi. Ana suti, nywele zimelazwa kwa mafuta, na uso wa mtu anayesikiliza kitu muhimu chumba cha pili. Juu ya kiuno hatikisiki hata kidogo. Chini, miguu inaandika haraka kiasi kwamba utarudisha nyuma mara tatu kuisoma.